Kwa Mhunzi Aliyegeuza Mkono

Jina lako silijui.
Kisu chako nakijua, au kilichosalia:
shubiri moja na kidogo,
kimeliwa na kutu hadi kufanana na gome la mti,
kimelazwa juu ya sifongo nyeupe ndani ya droo
huko Newcastle, ambako Bi Fenwick
alinivisha glavu kama daktari
akanipa dakika ishirini.

Nilikichora kwenye karatasi ya kufungia siagi.
Mgongo mnene kuliko makali yanavyostahili,
umenyooka kwa kiburi, kisha ghafla
unavunjika kuelekea nchani,
kama mtu aliyekuwa akisema kweli
akakumbuka kuna watu.

Karakana yangu ni zizi la zamani, nje ya Rothbury.
Bado linanuka maziwa mvua ikinyesha,
na mvua ya huku haina kazi nyingine.
Chuma laini nimekitoa kwenye geti la kanisa
lililouzwa likawa nyumba ya wageni.
Chuma kigumu ni springi ya Landrova
ya kaka yangu Corbin, iliyomfikisha kila mahali
ila uzeeni.

Fito nne. Nazitia motoni
mpaka rangi ya kiini cha yai,
nazishika kwa koleo, nazisokota,
mbili kulia, mbili kushoto,
ili zikilala ubavu kwa ubavu
zitoe mistari kama ya ukili.
Wewe ulikuwa na mivukuto na kijana wa kuivuta.
Mimi nina mtungi wa gesi
na deni la mtungi wa gesi.

Kisu cha kwanza kilipasuka nilipokizamisha kwenye mafuta.
Ti!
Sauti ndogo, kama kijiko kikigusa kikombe.
Anayeijua huweka koleo chini
akaenda kuchemsha chai.
Cha pili kilipinda. Nang'olea magugu.

Ndipo Bi Fenwick akaniletea picha ya eksirei.
Niliiegemeza kwenye kioo cha dirisha,
mlima ukaonekana kupitia kisu chako.
Chini ya kutu, ufito wa tatu
unakwenda kulia, kulia, kulia,
halafu, pale panapoingia mpini,
unageuka kushoto.

Si pambo. Nani hupamba
mahali anapojua patafunikwa na pembe?

Ulikosea.
Nani alikuita? Mtoto alilia?
Au mkono tu ulisahau ulikotoka,
ukaona, ukatazama mlangoni,
ukagongomea mpini haraka?
Nilicheka mpaka mbwa akatoka nje.
Miezi minne nilikuwa nakuogopa.

Cha tatu nilijaribu kukosea kama wewe.
Sikuweza. Mkono wangu ulikwenda kulia
kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.
Kosa langu likaja lenyewe, kwingine:
unywele mweusi karibu na kigongo,
pale fito mbili zilipokataa kushikana vyema.
Nilishika tupa. Nikaiweka.
Makali yalikuwa mazima. Yalikata karatasi ya siagi
bila karatasi kujua.

Amekinunua Jossy Ridley, mchungaji,
nusu kwa fedha, nusu kwa sufu,
na pembe ya mpini ni ya dume lake lililokufa Februari.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Ridley hali nyama. Kondoo mia tatu,
na jioni anakatia vitunguu na jibini
akisikiliza redio.

Jana alikirudisha kinolewe.
Nilimwonyesha ule unywele, nikamweleza.
Akauleta karibu na miwani,
akasema alidhani ni waya wa uzio umemkwaruzia,
akauliza kama itaongeza bei ya kunoa.

Nikakipitisha kwenye kinoo, taratibu.
Penye mpini, chini kabisa ya pembe,
doa la kutu limeanza,
dogo kama mbegu ya haradali.
Nimelipaka mafuta.
Litarudi. Wewe unajua.